Sheria ya kulinda nyuklia iko. Ukuta uko wapi?

Mwaka 1998 polisi wa Italia walikamata fimbo moja ya uraniumu iliyokuwa mikononi mwa watu wa mafia, waliokuwa wanatafuta mtu wa kuinunua. Wachunguzi walipofuata asili ya fimbo hiyo, njia haikuwapeleka Moscow. Iliwapeleka Kinshasa, kwenye kilima cha Mont Amba, ndani ya eneo la chuo kikuu, kwenye kinu kidogo cha nyuklia ambacho Wakongomani wengi hawajui hata kama kiko. Fimbo mbili zilitoweka pale katika utawala wa Mobutu. Moja ndiyo hiyo ya Italia. Ya pili haijaonekana mpaka leo.

Ingefaa kila mkubwa wa nchi anayesimama mbele ya mikrofoni kuzungumza juu ya sheria za usalama wa nyuklia aanze na habari hiyo. Hawaanzi nayo. Wanaanza na mikataba waliyotia sahihi, semina walizohudhuria Vienna, na sheria waliyonayo.

Na kweli, sheria wanayo. Ni sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 2002. Kichwa chake kirefu kinasema inahusu kukinga watu na hatari za mionzi, na tena kulinda vitu na majengo ya nyuklia visiguswe na wasioruhusiwa. Mwaka 2005 ikaundwa na kamati ya taifa ya kusimamia mambo hayo, CNPRI. Mtu akisoma kichwa cha sheria hiyo peke yake anaweza kulala usingizi mzuri.

Lakini wakaaji wa mashariki ya Kongo wanajua mwezi wa kumi wa mwaka 2002 ulikuwa mwezi gani. Goma na Bukavu zilikuwa chini ya RCD. Ituri ilikuwa inawaka. Mapatano ya Pretoria yalikuwa hayajatiwa sahihi, yalikuja mwezi wa kumi na mbili. Sahihi ya Kinshasa wakati ule ilikuwa inafika pale ambapo askari wa Kinshasa walifika, na hapo ndipo ilipokomea. Ni watu hao hao, waliolala shuleni na kanisani na katika hema za plastiki kwa miaka yote hii, wanaojua kuliko profesa yeyote kwamba sheria inaweza kuwa imechapwa vizuri katika Gazeti Rasmi na mlango wa nyumba ukavunjwa usiku ule ule.

Msikilizaji wa Bunia au wa Minova atauliza: nyuklia ya Kinshasa inanihusu nini mimi, ambaye ninatafuta unga wa kesho? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Linamhusu kwa sababu neno linalotumiwa pale kwenye kinu ndilo lile lile linalotumiwa juu yake kila siku: usalama. Na namna serikali inavyoelewa neno hilo pale Mont Amba ndiyo namna inavyolielewa huku.

Kwanza kinu chenyewe ni nini. Si mtambo wa umeme. Hakijawahi kuwasha balbu hata moja Limete wala Ndjili. Ni kinu cha utafiti na mafundisho. Cha kwanza, TRICO I, kiliwashwa mwaka 1959, chuo kikuu kikiitwa bado Lovanium, na ndicho kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika nzima. Padri Luc Gillon, mkuu wa chuo, alikipigania sana, na Wamarekani wakakitoa. Hawakukitoa kwa mapenzi tu. Uraniumu ya Shinkolobwe, huko Katanga, ndiyo iliyowapa sehemu kubwa ya mali waliyotumia kutengeneza bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Kinu kidogo cha masomo kilikuwa asante ndogo kwa deni kubwa. Mwaka 1972 kikaja cha pili, TRICO II, chenye nguvu ya megawati moja. Hicho kilizimwa mwaka 2004. Lakini kuzima kinu si kama kuzima jiko la makaa. Fimbo zinabaki, takataka zenye mionzi zinabaki, na lazima mtu azilinde mchana na usiku, hata kama hakuna mwanafunzi anayekuja kusoma tena.

Sasa, mwaka 2006, yaani miaka minne baada ya sheria ile nzuri, watu wa ubalozi wa Marekani walikwenda kutazama ulinzi huo. Walichoandika kilikuwa siri mpaka barua zao zilipotoka hadharani mwaka 2010. Wakaandika kwamba ukuta wa nje ni wa seng'enge fupi, usiku hauna taa, juu hauna nyaya za miiba, hauna kamera, una matundu, na mahali pengine haupo kabisa. Wanafunzi walikuwa wanapita katikati ya eneo la kinu kufupisha njia. Na karibu na jengo la kutunzia takataka za nyuklia, watu walikuwa wamelima muhogo.

Habari ya muhogo ilichekesha magazeti ya Ulaya. Waafrika wanalima sombe kwenye bomu! Ndivyo ilivyosomwa. Haikuchekesha mtu yeyote aliyewahi kulima kando ya barabara, kando ya uwanja wa ndege au juu ya kaburi la mtu asiyemjua, kwa sababu shamba lake limebaki nyuma ya mstari wa vita. Mtu halimi pale kwa kupenda. Analima pale kwa sababu pana udongo na hakuna aliyemkataza. Na kama hakuna aliyemkataza, si yeye aliyevunja sheria. Aliyevunja sheria ni yule aliyepewa kazi ya kujenga ukuta akaacha tundu, yule aliyepewa bajeti ya taa na taa hazikuwaka, na yule aliyekuwa na wajibu wa kuja kila mwezi kusema: mama, hapa si mahali pa kulima, udongo huu unaweza kukudhuru, njoo uonyeshwe pengine.

Watetezi wa serikali watasema tangu 2006 mambo yametengenezwa, wageni wamesaidia, ukuta si ule. Vizuri. Basi waonyeshe. Ripoti ya ukaguzi ilisomwa lini kwa redio, kwa Kiswahili au Kilingala, ili mama wa pale Mont Amba aisikie? Fimbo zilihesabiwa lini mara ya mwisho, na hesabu ilitoka sawa? Mtu aliyeibiwa mara mbili katika nyumba moja hawezi kuambiwa «tumetengeneza» halafu akatoshelezwa na neno hilo. Atataka kuona kufuli kwa macho yake.

Lakini kuna jambo baya kuliko ukuta wenye matundu, nalo ni namna serikali inavyofanya siku inapoamua kuwa kali. Shinkolobwe ndiyo mfano.

Machimbo hayo yako karibu na Likasi. Kampuni ya Wabelgiji iliyafunga mwaka 1960, mwaka wa uhuru, na visima vikazibwa. Mwisho wa miaka ya 1990, njaa ya Katanga ilipozidi na kampuni kubwa ya serikali iliposhindwa kulipa wafanyakazi, watu walirudi pale na nyundo na makoleo. Hawakuwa wanatafuta uraniumu. Walikuwa wanatafuta kobalti na shaba, lakini katika mawe ya Shinkolobwe vyote vimechanganyika, na aliyebeba gunia la kobalti mgongoni alibeba na mionzi bila kujua. Kijiji kikakua, watu maelfu, wake, watoto, wauza maandazi, makanisa. Maafisa waliona. Wanunuzi walikuja na malori yao mchana kweupe.

Mwezi wa kwanza mwaka 2004 rais akatia sahihi amri ya kufunga machimbo. Amri ilikuwa na nguvu ya karatasi. Uchimbaji uliendelea, maana wachimbaji hawakupewa kazi nyingine, na wale waliowekwa kulinda walijua bei ya kuingia. Mwezi wa saba mwaka ule ule shimo likaanguka na kuua watu wanane. Hapo ndipo dunia ikapiga kelele, si kwa sababu ya wale wanane, bali kwa sababu magazeti ya nje yaliuliza kama magaidi wanaweza kupata uraniumu pale. Na serikali ikajibu kwa haraka ambayo haikuwa nayo wakati watu walikuwa wanakufa polepole. Kijiji kikabomolewa. Watu wakaondolewa.

Ni kusema, kwa serikali, kulinda uraniumu kulikuwa ni kuwafukuza maskini waliokuwa juu yake. Hawakupimwa damu kwanza. Hawakufuatwa Likasi na Kambove kuulizwa wanakohoa nini. Walikuwa wakimbizi wa ndani kama wengine wote, tofauti ni kwamba bunduki iliyowafukuza ilikuwa na barua yenye muhuri.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa kumi na moja mwaka 2007, ukaja mchezo mwingine unaostahili kukumbukwa kila mwaka katika shule za Likasi. Madini yenye mionzi yalikuwa yamekamatwa mjini. Amri ikatolewa: yapelekwe Shinkolobwe yakazikwe huko, chini ya uangalizi wa wakubwa. Malori yakaondoka. Hayakufika. Zaidi ya tani 15 za madini hayo zilitupwa katika mto Mura, mto unaotegemewa na wakaaji wa Likasi. Wakati huo nchi ilikuwa na sheria ya miaka mitano na kamati ya miaka miwili. Viongozi walikuja kutoka Kinshasa kushangaa. Watu walikamatwa. Wakaaji wakaambiwa wasinywe maji ya mto, na hawakuambiwa wanywe yapi.

Hapa hakuna gaidi aliyevuka ukuta. Hakuna jasusi. Waliotupa madini mtoni walikuwa na karatasi za njia. Sheria yote ya ulinzi inaandikwa kana kwamba adui anatoka nje akipanda seng'enge usiku, na Kongo imeonyesha tena na tena kwamba mali inatoka kupitia mlango wa mbele, funguo mkononi, dereva akiwa amelipwa.

Wako watakaosema haya ni mambo ya nchi maskini, nchi kubwa zikitunga sheria zinafuata. Si kweli, na ni vizuri Wakongomani wajue, kwa sababu wataalamu wanaokuja kuwafundisha hawapendi kusimulia habari hizi.

Marekani, baada ya tarehe 11 mwezi wa tisa 2001, iliogopa ndege itaanguka juu ya mtambo wa nyuklia au kikundi chenye silaha kitaingia ndani. Mabishano yakachukua miaka. Kampuni za umeme zilinung'unika juu ya gharama. Mwisho, katika sheria kubwa ya nishati ya mwaka 2005, bunge lao likaamuru kwamba kila mtambo wa umeme wa nyuklia ujaribiwe kwa shambulio la mazoezi angalau mara moja kila miaka mitatu: watu waliofundishwa wanajifanya adui, wanashambulia, na walinzi wanapimwa kama wanaweza kuwazuia. Waajiriwa wachukuliwe alama za vidole. Hiyo ni sheria yenye meno, lazima isemwe, maana haisemi tu «mtambo ulindwe», inasema utapimwaje na lini.

Basi miaka miwili tu baadaye, mwaka 2007, katika mtambo wa Peach Bottom, jimbo la Pennsylvania, walinzi wakaonekana kwenye video wamelala kazini. Wamelala fofofo, viti vimeegemea ukuta. Aliyewapiga picha hakuwa mkaguzi wa serikali. Alikuwa mlinzi mwenzao, aliyechoka kulalamika bila kusikilizwa. Na barua ya kuonya juu ya usingizi huo ilikuwa imekwisha kufika kwenye tume ya nyuklia ya Marekani miezi kadhaa mbele, ikapita bila kufanya kazi. Video ilipotoka kwenye televisheni ndipo kampuni ya ulinzi ikapoteza kazi.

Miaka mitano baadaye, 2012, huko Oak Ridge, Tennessee, mahali panapotunzwa uraniumu ya silaha, si mtambo wa umeme tena, sista mmoja wa miaka 82, Megan Rice, pamoja na wanaume wawili, walikata seng'enge usiku wakafika mpaka kwenye ukuta wa jengo lenyewe. Walipiga rangi, wakaomba, wakangoja kukamatwa. Sista! Mahali pale palitumia pesa nyingi kuliko bajeti ya majimbo mengi ya Kongo.

Na Afrika ya Kusini, yenye mtambo pekee wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi barani, Koeberg karibu na Cape Town, ina sheria nyingi na wataalamu wengi. Mwezi wa kumi na moja 2007 watu wanne wenye silaha waliingia katika kituo cha Pelindaba, ambako imetunzwa uraniumu ya nguvu iliyobaki kutoka bomu la makaburu. Walizima umeme wa ukuta. Walikaa ndani dakika 45. Walimpiga risasi mfanyakazi katika chumba cha kuongozea ulinzi, na usiku ule ule kikundi cha pili kilijaribu kuingia upande mwingine. Wakaondoka. Walijua pa kukata na pa kupita; hicho si kitu mtu anachojifunza akiwa nje ya ukuta.

Tofauti ya nchi hizo na Kongo si kwamba wao hawaibiwi. Tofauti ni kwamba huko mlinzi alipiga video, mwandishi akaitoa, kampuni ikafukuzwa. Huko, ulinzi uliposhindwa, wananchi walijua. Na hapo ndipo pigano lenyewe lilipo, kwa sababu sheria za usalama, katika nchi zote, zina tamaa moja: kunyamazisha.

Afrika ya Kusini tena. Mwaka 1980 utawala wa makaburu ulipitisha sheria ya mahali muhimu pa taifa. Pamoja na mambo mengine, iliweka adhabu kwa anayetoa habari juu ya ulinzi wa mahali hapo. Walisema ni kwa ajili ya mitambo na viwanda. Utawala wa makaburu ukaanguka, sheria ikabaki, na miaka baadaye serikali nyingine kabisa ikaitumia sheria hiyo hiyo kukataa kusema feza ngapi za umma zilijenga nyumba ya rais Zuma kule Nkandla, yenye bwawa la kuogelea lililoitwa eti bwawa la kuzima moto. Sheria iliyozaliwa kulinda mitambo ikafunika bwawa. Mwaka 2019 ndipo bunge likaandika nyingine ya kuchukua nafasi yake.

Mwandishi wa habari wa Kongo anaweza kuchora mwenyewe jinsi jambo hilo lingekuwa hapa. Siku sheria mpya ya usalama wa nyuklia itakapokuja, na itakuja, atakayeandika kwamba ukuta una tundu atafungwa kabla ya aliyeacha tundu.

Wakubwa watajibu kwamba kuna mambo lazima yawe siri. Ni kweli. Walinzi ni wangapi usiku, njia za kuingia, namba za kufuli, hayo hakuna mwenye akili anayeyataka redioni. Lakini je, mshahara wa sentineli ulilipwa mwezi uliopita au haukulipwa? Hiyo si siri ya taifa, hiyo ni siri ya mwizi. Mlinzi wa kinu mwenye madeni ya karo za shule kwa watoto watatu ni tundu kubwa kuliko lolote la seng'enge, na adui akitaka kujua hali yake hahitaji jasusi. Atakaa naye dakika kumi kwenye bia. Kila mtu mtaani anajua. Ni bunge peke yake linalojifanya halijui.

Sheria hizi pia zinanyamaza juu ya kitu ambacho watu wa Kivu na Ituri wangekiuliza kwanza: na jeshi likija? Tarehe 4 mwezi wa tatu 2022 majeshi ya Urusi yaliteka mtambo wa Zaporizhzhia nchini Ukraine, mkubwa kuliko yote Ulaya, vinu sita. Hakuna mlinzi wa lango aliyewekwa kwa ajili ya vifaru. Wafanyakazi waliendelea kuendesha vinu wakiwa chini ya bunduki, kwa sababu wakiacha, maji ya kupoza vinu yakikatika, balaa inapita mipaka. Mkataba wa dunia juu ya ulinzi wa vitu vya nyuklia ulitoka mwaka 1980 ukihusu hasa usafirishaji kati ya nchi. Marekebisho ya kuufikisha kwenye mitambo yenyewe yalikubaliwa 2005 yakaanza kufanya kazi 2016. Miaka 11 kusubiri sahihi. Na ilipofika vita vya kweli, karatasi haikuzuia kifaru.

Kwa nini kuyasema haya Kongo, ambako hakuna mtambo wa umeme wa nyuklia? Kwa sababu majirani wanaitaka. Kenya ilipitisha sheria yake ya kusimamia nyuklia mwaka 2019, na wakaaji wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kukataa mtambo ufukweni kwao. Uganda inatazama Buyende. Rwanda ina mapatano na Warusi tangu 2018. Uganda na Rwanda zinashirikiana na Kongo maziwa, mito, upepo, na kwa bahati mbaya vita. Familia iliyovuka mpaka mara tatu katika miaka kumi inayo haki ya kuuliza: mtambo ukijengwa ng'ambo, na mpaka ukifungwa tena, na makombora yakivuka tena, nani analinda nini?

Na iko siku Kinshasa nayo itaitaka. Kila mtu mwenye uraniumu chini ya ardhi huambiwa na mgeni kwamba ni aibu kukaa gizani. Mgeni hatataja kwamba nchi hii ina Inga, iliyoanza kutoa umeme tangu 1972, na bado familia zinawasha mshumaa chini ya nyaya zinazopeleka umeme machimboni. Aliyeshindwa kuleta umeme wa maji mpaka nyumbani kwa mtu hawezi kuaminiwa kwamba atauleta wa nyuklia, tena aulinde.

Kabla ya yote hayo, sheria ya 2002 ifunguliwe na irekebishwe, lakini si kwa kuongeza miaka ya kifungo kwa mkulima wa muhogo. Iandikwe ndani yake kwamba mshahara wa walinzi wa kinu unatoka katika mstari wake wa bajeti, usioguswa. Iandikwe kwamba fimbo zinahesabiwa kwa tarehe inayojulikana na idadi inatangazwa. Mlinzi au mfanyakazi anayetoa habari ya ulinzi mbovu asifukuzwe kazi wala kushitakiwa. Na pale watu wanapoondolewa kwa jina la usalama wa nyuklia, kama Shinkolobwe, wapimwe kwanza, walipwe, waonyeshwe mahali pa kwenda, na atakayewaondoa bila hayo ndiye awe mhalifu mbele ya sheria hii. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kitakachopigwa vita zaidi bungeni, maana kinageuza kidole.

Wabunge wataleta sababu ya feza. Wakati huo huo wana magari. Hakuna haja ya kuendelea na jibu hilo.

Kikao cha bunge kinachoanza tarehe 15 mwezi wa tisa ndicho kikao cha bajeti. Katiba, katika kipengele cha 138, inampa mbunge haki ya kumwuliza waziri swali la mdomo au la maandishi. Wabunge wa Likasi, wa Goma, wa Bunia wako na ofisi, wengine wako na namba za simu ambazo wapiga kura wanazijua. Swali lenyewe ni fupi, linaingia katika ujumbe mmoja wa simu: walinzi wa kinu cha Mont Amba walilipwa lini mara ya mwisho, na fimbo ziko ngapi?